Siku Niliyomzungusha Shemeji Mbele ya Ukoo

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, na leo naitoa kwa sababu nyie hamkomi kuniita Profesa, kila nikiingia hapa mtu anapiga meza "Profesa huyo!", nami nacheka nanyi. Sasa kaeni, agizeni chai, niwaambie jina hilo nililipataje na kwa nini nikilisikia natamani kujificha chini ya hii meza. Ila msinikatize, maana mkinikatiza nitaanza kujitetea, na katika jambo hili sina utetezi wowote.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita (wa rika langu mnaikumbuka), sukari inapatikana kwa foleni na kujuana, na ugonjwa umeshaingia nyumba kwa nyumba, lakini watu hawautaji kwa jina lake, wanasema Juliana, kama yale mashati ya magendo ya mpakani, au wanasema "ule", au wanaangalia pembeni tu. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Uswidi, nimepata ufadhili wa kusoma fizikia, na nilichokuwa nasoma lazima niwaeleze kidogo, vumilieni, maana ndicho kilichoniponza.

Kuna fuwele fulani, vijiwe vidogo kama punje ya mchele, ambavyo ndani yake kila chembe ni kisumaku, na kila kisumaku kinataka kitu kimoja tu duniani: kumpa jirani yake mgongo. Jirani akielekea juu, mimi naelekea chini; akielekea chini, mimi juu. Wakiwa wawili hakuna ugomvi. Sasa waweke watatu, kila mmoja kwenye pembe yake ya pembetatu. Wa kwanza juu, wa pili chini, na wa tatu? Akielekea juu anamkosea wa kwanza, akielekea chini anamkosea wa pili, hana pa kuelekea pasipo na lawama. Ukilipoza jiwe hilo mpaka kwenye baridi ambayo barafu ukiilinganisha nayo ni uji wa moto, sumaku za kawaida zingetulia zikalala, lakini hizi hazilali. Zinageuka polepole mno, nyingine haziko juu wala chini, ni kama ziko kote kuwili kwa wakati mmoja (msiniulize zaidi hapo, hata sisi tuliosoma tunakubali tu), na kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya mashine siku mbili, siku tano, nikiandika jinsi zinavyochelewa. Na kanuni ya kwanza niliyopewa na mkuu wa maabara, mzee mmoja asiyecheka, ilikuwa usizipoze kwa pupa. Ukizipoza kwa pupa zinaganda zikiwa zimekaa vibaya, na vibaya hivyo ndivyo zitakavyobaki hata ungengoja mpaka ustaafu.

Kanuni hiyo niliijua kuliko Baba Yetu.

Telegramu ya kifo cha kaka yangu Leonidas ilinifikia akiwa amezikwa wiki tatu zilizopita. Kaka alipigana vita akarudi mzima, na redio begani, akaingia biashara ya mpakani, akapata fedha, akapata marafiki, kisha akaanza kukonda. Aliacha mke, tunamwita Ma Kemi, na mabinti wawili wadogo. Aliacha pia kibanja kizuri kule kwetu Muleba, migomba imeshiba samadi, mibuni imejipanga, na kaburi lake katikati humo, maana sisi tunazikana kwenye vibanja vyetu. Nilipofika nyumbani kwa likizo ya wiki tatu nikakuta neno ni moja tu: nani atabaki na kibanja? Ma Kemi alitaka abaki alee watoto karibu na baba yao. Ndugu yetu Fidelis, mtoto wa baba mkubwa, ambaye mpaka wake unagusana na kile kibanja, alisema mila ni mila, mtoto wa kiume hakuna, mwanamke arudi kwao Buhembe akafuate ndugu zake.

Wa kuamua walikuwa wazee wa kikao cha ukoo, na mwenyekiti wao ni Ta Zakaria, mzee wa kanisa, Mlutheri wa zamani, mtu wa sauti ndogo ambaye kazi yake kubwa, kwa jinsi nilivyomwona mimi, ilikuwa kuahirisha. Kikao cha kwanza kaahirisha kwa sababu katibu kaenda kuzika (na miaka ile nani hakuwa na pa kwenda kuzika?). Cha pili kaahirisha kwa sababu daftari la ukoo limesahaulika nyumbani. Nilipopiga hodi kwake kumwomba afanye haraka kabla sijaondoka, akaniambia, "Tutaona, baba, tutaona," akanipa kahawa ya kutafuna. Nikatoka pale nasema kimoyomoyo, ndiyo maana hatuendelei.

Basi, Jumamosi moja mchana kikao kikakaa tena, uwanjani kwa marehemu, nyasi zimetandikwa, watu sitini au zaidi, maana wengine walikuja kwa ajili ya chakula na lubisi, pombe yetu ya ndizi. Ma Kemi na wanawake wenzake walikuwa jikoni tangu jana yake. Alikuwa amepungua, ndiyo, nani asingepungua baada ya kumuuguza mume mwaka mzima, lakini siku zote hizo nilimwona anatembea wima, anabeba ndoo mwenyewe, sufuria kubwa anaiinua mwenyewe mbele za watu, na alifanya makusudi, kwa sababu kila jicho pale lilikuwa linampima. Akionekana mzima, ana la kusema. Akionekana mgonjwa, nani atamwachia kibanja mtu wa kufa kesho? Hilo hata mimi mgeni nililielewa. Ndiyo sababu sina utetezi.

Watu walipokwisha kula, Ta Zakaria akasimama. "Kabla hatujaingia kwenye mambo mazito, waitu, ndugu zangu, huyu mtoto wetu ametoka mbali. Atueleze anasoma nini huko kwa Wazungu. Eleza taratibu, baba, usiache kitu, siku bado ndefu."

Upande wa ziwani mawingu yalikuwa yanajikusanya meusi, nikayaona, nikaona pia mzee anayatazama. Lakini mimi mawazo yangu yalikuwa kwenye koti langu. (Nilivaa koti la sufu la Uswidi, Muleba, saa nane mchana. Hata hilo peke yake lilitosha kuwa mkasa.)

Nikaanza vizuri. Nilichukua punje tatu za kahawa kutoka kwenye kikapu cha wageni, nikazipanga juu ya ungo, nikaanza kueleza baridi, nikaeleza gesi inayogeuzwa maji, nikaeleza chembe. Mzee mmoja akauliza, "Baridi hiyo inaishinda ya Kamachumu wakati wa mvua?" nikasema inaishinda, akaguna kama mtu asiyeamini. Nikaendelea. Baada ya robo saa wazee wawili walikuwa wanakoroma, wanawake wanasukana, Fidelis anaangalia saa yake mara kwa mara, na Ta Zakaria anatikisa kichwa kwa furaha, "Endelea, baba, endelea." Jamani, kama ningeendelea vilevile! Ningewachosha wote, mvua ingenyesha, kila mtu angekimbilia kwake, nami leo ningekuwa na hadithi ya kuchekesha tu.

Lakini kiburi kikanipanda. Mimi, msomi wa Ulaya, watu wasinzie? Mara nyuma kule mtu akapaza sauti, "Hatuoni!" Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo kabisa, wa sekunde moja. Nikaweka ungo chini, nikasema, "Sawa, basi nitatumia watu."

Nikamsimamisha Fidelis. Kisha nikamsimamisha shangazi yetu Eujenia, nikawaambia wapeane mgongo, mmoja atazame ziwani na mwingine atazame mlimani. Sasa hawa wawili walikuwa hawasalimiani tangu kesi ya mbuzi aliyekula miche ya kabichi, kesi ya miaka sita, kwa hiyo walipogeuziana mgongo kwa wepesi ule, bila hata kuambiwa mara ya pili, uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Waliosinzia wakaamka. "Hizo sumaku tunazijua!" mtu akapiga kelele. Kichwa kikanivimba, nikaona sasa nafundisha.

Ta Zakaria akakohoa. "Inatosha, baba. Rudi kwenye kahawa."

Nilimsikia. Msije mkasema labda hukusikia, nilimsikia vizuri sana, nikamjibu, "Bado kidogo, Ta, nakosa mmoja tu." Nikageuka kumtafuta wa tatu, na aliyekuwa anapita pale, na jagi la maji ya kunawa mkononi, alikuwa Ma Kemi.

"Shemeji, hebu njoo."

"Mimi?" Akaangalia nyuma, kama vile kuna shemeji mwingine. Mimi ni mdogo wa marehemu mumewe, niko mbele ya ukoo mzima unaomtafutia neno, angewezaje kukataa? Akaja, akaweka jagi chini karibu na miguu yangu, akafuta mikono kwenye kitenge chake cha msiba, akasimama nilipomwonyesha.

"Tazama ziwani," nikamwambia. Akatazama. "Hapana, umefanana na Fidelis, geuka." Akageuka mlimani. "Hapana, sasa umefanana na Shangazi, geuka tena." Akageuka. Watu wakacheka. Nikapiga makofi, "Geuka! Geuka!", na watu wakashika makofi yale yale, watoto wakaanza kuhesabu, sita, saba, nane, naye anageuka, anatabasamu lile tabasamu la mtu anayetaka mambo yaishe, nami naona raha, Mungu wangu, naona raha kwa sababu somo limeeleweka. Alipofika kumi na moja akayumba. Akashika hewa, akashika mkono wa koti langu, mkono ukateleza, akakaa chini kwenye nyasi kwa kishindo na jagi likamwagika.

Mtu mwenye akili angeinama. Mimi nilinyoosha kidole, nikamwonyesha shemeji yangu akiwa pale chini, nikasema kwa sauti ya darasani, "Mnaona? Hivyo ndivyo inavyokuwa! Haiwezi kutulia!"

Nilisikia maji ya jagi yanaingia kwenye nyasi. Kisha bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema taratibu, "Yee, mae. Naye anao." Na neno lile likaenda mdomo kwa mdomo mpaka mwisho wa uwanja, nikaliona kabisa linavyokwenda, vichwa vikiinamiana.

Hata hapo ningeweza kuokoa kitu. Ningesema nimemchosha, ningesema jua ni kali, ningesema chochote. Lakini Fidelis, kwa unyenyekevu wote, mikono kaifunga mbele, akaniuliza, "Profesa" (ndiye mtu wa kwanza kuniita hivyo, na nilipenda, nawaambia ukweli, nilipenda), "hizo sumaku zikishindwana namna hii, nyie wataalamu mnafanyaje?"

Nami nikajibu. Swali la kitaalamu linajibiwa kitaalamu, sivyo? Nikasema, "Hilo ni rahisi. Ukiitoa moja, mbili zinazobaki zinatulia papo hapo."

Mdomo huponza kichwa, husema watu, lakini wangu ulimponza mwenzangu. Fidelis aligeukia kikao akasema, "Mmesikia wenyewe. Hata si mimi, ni msomi wetu, tena ndugu wa marehemu. Na hali ya huyu mama mmeiona. Tunangoja nini?" Nikaanza kupiga kelele, "Nilikuwa nasema sumaku! Ni sumaku jamani!" lakini hivi, ukimfafanulia mtu sumaku mara ya pili, nani anakusikiliza? Ta Zakaria alijaribu kuahirisha. Wakamkatalia, mara ya kwanza tangu awe mwenyekiti. Katika muda usiotosha kumenya mkungu mmoja wa ndizi ikaamuliwa kwamba Ma Kemi arudi kwao na mabinti zake, kibanja kiangaliwe na Fidelis. Mvua ilianza, kubwa, wakati katibu anaandika mstari wa mwisho.

Tulikimbilia chini ya baraza, na Ta Zakaria akanishika mkono. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. "Ulidhani nilikusimamisha ili nijue sumaku?" akaniuliza. "Nilitaka utuchoshe, baba. Nilikuwa naichelewesha hii kesi makusudi. Mwanamke akikaa mwaka, akavuna kahawa msimu mmoja, akapanda maharage mara mbili, watu wanazoea, hasira inapoa, nani tena atakuja kumtoa? Nilihitaji mwaka tu. Nilishapata miezi miwili." Akaniachia mkono akabaki anatazama mvua.

Jamani, mimi ndiye niliyekuwa nalipwa kukaa mbele ya mashine kungoja vitu visivyotaka haraka. Yule mzee hakuwahi kuona maabara, na alijua kazi yangu kunishinda.

Jumatatu pikapu ya kukodi ilimchukua Ma Kemi na watoto, godoro, cherehani na kuku wanne. Kabla ya kupanda alikwenda kaburini, akang'oa majani mawili matatu yaliyoanza kuota, akarudi. Mimi nilipakia mizigo, nikijifanya mtu wa msaada. Akaniambia, "Asante, shemeji," kwa adabu yake ileile, nami nikageuka kukaza kamba ya godoro.

Nikarudi Uswidi. Shahada nilimaliza, iko kabatini, mke wangu ndiye anayejua ilipo. Huko maabara jiwe likigandishwa vibaya unalipasha moto upya, unaanza mwanzo, kosa linafutika. Nilifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nilikuwa nafikiria kile kikao. Ukoo haupashwi upya. Fidelis alikata mibuni yote akapanda migomba ya pombe, kisha naye akatutoka, kwa ugonjwa uleule, na wanawe hadi leo wanagombea mpaka. Ma Kemi hakufa. Mwaka ukapita hakufa, miaka mitano hakufa. Watu waliosema "naye anao" tuliwazika wao.

Niliporudi moja kwa moja kufundisha hapa Bukoba nilipita njia ya Buhembe mara ngapi sijui, nikikata kona nisimwone. Mpaka siku moja nikajilazimisha, nikaenda na kilo mbili za sukari na hotuba niliyoiandaa. Nilimkuta amekaa nje anashona sare za shule, amenawiri, Kemi mwenyewe ni msichana mkubwa anatandaza nguo kwenye kamba. Nikaanza hotuba. Nikasema shemeji, nisamehe kwa kukuzungusha mbele ya watu, nisamehe kwa lile jibu, nikaingia mpaka kwenye kumweleza kwamba kitaalamu nilimaanisha kitu kingine (ndiyo, hata siku hiyo, hata mbele yake, nilikuwa nafafanua!). Akaacha cherehani ikanyamaza. Alinisikiliza kwa muda, kisha akainua mkono kunisimamisha.

"Shemeji," akasema, "kuanzia Ijumaa asubuhi nilikuwa jikoni nawapikia. Chakula kiliisha kwa wageni. Siku ile watu sitini walijua naumwa nini, na wewe ukajua mimi ni sumaku gani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimekula."

Hotuba yangu ilikuwa bado na nusu nzima. Niliimeza. Nililia pale, mtu mzima na tai yangu, mpaka Kemi akaacha nguo akaingia ndani.

Kwa hiyo sikilizeni. Darasani kwangu hakuna mwanafunzi aliyewahi kuitwa mbele awe mfano wa kitu chochote, hata wa mzani, hata wa kivuli, na hatasimamishwa mpaka nistaafu. Nilikwishaapa. Na hilo jina la Profesa mliache. Kuna watu sitini waliosikia nikiitwa hivyo siku moja, na mmoja wao alikuwa amekaa chini, ana njaa, akinisubiri niiname nimpe mkono.